Bodrum, Uturuki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na vivutio vyake

Ndugu na marafiki wanaopanga safari ya Uturuki huniuliza kuhusu Bodrum maswali yale yale kila msimu. Nimeyakusanya hapa, nikaanza na ya msingi na kumalizia na yale ya pembeni. Pale jibu moja linapogusa jingine nimetaja namba ya swali, ili nisirudie maneno.

## Mji wenyewe

1. Bodrum iko wapi hasa?

Kusini magharibi mwa Uturuki, mkoa wa Muğla, kwenye rasi inayochomoza katika Bahari ya Aegean kaskazini mwa ghuba ya Gökova. Ng'ambo yake ni kisiwa cha Kos cha Ugiriki, ambacho Waturuki hukiita İstanköy. Usiku taa za Kos huonekana kwa macho matupu.

Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba jina hili lina matumizi mawili. Kuna mji wa Bodrum, wenye ngome iliyosimama kati ya vighuba viwili, na kuna rasi nzima ya Bodrum yenye miji midogo kama Yalıkavak, Turgutreis, Gümüşlük, Bitez na Türkbükü. Hoteli inayojitangaza kuwa iko "Bodrum" inaweza kuwa karibu kilomita 20 kutoka ngomeni. Kabla ya kulipia chumba, uliza kiko mji gani wa rasi.

2. Jina Bodrum lina maana gani?

Katika Kituruki cha kila siku, bodrum ni chumba cha chini ya nyumba, kile cha kuwekea mizigo. Ndiyo maana utasikia hadithi kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya mahabusu za chini ya ngome. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mengine: ngome ilijengwa kwa jina la Mtakatifu Petro na kuitwa Petronium, na jina hilo likapita vinywani mwa Waturuki hadi likawa Bodrum.

Kabla ya ngome, kwa zaidi ya miaka elfu moja, mji huu uliitwa Halicarnassus. Waturuki huandika Halikarnas, na utalikuta jina hilo kwenye mabango ya maduka, mitaa na boti.

3. Kuna tofauti gani kati ya Bodrum na Antalya?

Antalya ni jiji kubwa lenye hoteli ndefu kando ya bahari, nyingi zikiwa na mpango wa kulipa mara moja ukala na kunywa humohumo. Bodrum ni ya nyumba fupi nyeupe (tazama swali la 22), vighuba vidogo na boti za mbao. Fukwe ndefu za mchanga za kukimbilia watoto utazipata kwa urahisi zaidi upande wa Antalya. Kwa anayependa mji wa kutembea kwa miguu, wenye mambo ya kale na mabaharia ambao bado wanaishi humo, nasema Bodrum bila kusita. Bei zake ziko juu, hasa Julai na Agosti.

## Historia

4. Ni kweli Herodotus alizaliwa hapa?

Ndiyo. Herodotus, anayeitwa baba wa historia, alizaliwa Halicarnassus karibu mwaka 484 KK, wakati mji ulikuwa chini ya dola ya Uajemi. Walioishi hapo walikuwa mchanganyiko: Wagiriki waliohamia kutoka ng'ambo na Wakaria, wenyeji wa nchi hiyo, na familia nyingi zilikuwa na majina ya pande zote mbili. Mwenyewe aliuacha mji wake kwa sababu ya ugomvi wa kisiasa, akaishi Samos, akasafiri sana, na baadaye akahamia Thurii, kusini mwa Italia.

Mimi naona asili yake ndiyo iliyompa jicho lake. Mtu aliyezaliwa kwenye bandari yenye lugha mbili na mtawala wa taifa la tatu hujifunza mapema kwamba jambo moja husimuliwa kwa namna kadhaa. Yeyote aliyekulia Mombasa, Zanzibar au Lamu atanielewa upesi.

5. Malkia Artemisia wa Halicarnassus alikuwa mmoja au wawili?

Wawili, na wametengana kwa zaidi ya miaka 100.

Artemisia wa kwanza alitawala Halicarnassus wakati wa vita kati ya Uajemi na Wagiriki. Mwaka 480 KK alikwenda Salamis na merikebu zake 5 upande wa Xerxes, mfalme wa Uajemi. Herodotus anasimulia kwamba alimshauri mfalme asipigane baharini, na hakusikilizwa. Mapigano yalipoharibika na meli ya Waathene ikamfukuza, alielekeza chombo chake kwenye meli ya upande wake mwenyewe, akaizamisha, na aliyemfukuza akadhani ni rafiki akamwacha. Xerxes, aliyekuwa akitazama kutoka pwani, alidhani amezamisha adui na kumsifu.

Artemisia wa pili ndiye wa lile kaburi maarufu (swali la 6). Alikuwa mke wa Mausolus na pia dada yake wa damu, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo ule wa watawala. Alitawala baada ya kifo cha mumewe mwaka 353 KK, naye akafa miaka miwili tu baadaye.

6. Kaburi la Mausolus lilikuwa nini, na limebaki nini?

Mausolus alikuwa liwali wa Waajemi katika nchi ya Karia kuanzia mwaka 377 KK, lakini aliishi na kujenga kama mfalme. Alihamisha makao makuu kutoka Mylasa, ambayo leo ni Milas, hadi Halicarnassus, akauzungushia mji kuta na kuujengea bandari. Kaburi lake lilikamilika karibu mwaka 350 KK. Lilikuwa na kimo cha takribani mita 45: chini kiunzi kizito cha mawe, juu yake nguzo 36, juu ya nguzo paa la ngazi 24 lenye umbo la piramidi, na kileleni gari la vita la farasi wanne la marumaru. Mafundi mashuhuri wa Ugiriki, akiwemo Scopas, walichonga sanamu na michoro yake. Watu wa kale walilihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia, na lugha nyingi za Ulaya hadi leo huita kaburi kubwa la fahari kwa jina la Mausolus.

Ukifika leo utakuta shimo. Nasema wazi ili usije ukavunjika moyo: ni kiwanja kilichozungushiwa ukuta katikati ya makazi, chenye sakafu iliyochimbwa, vipande vya nguzo vilivyolala na banda dogo la maelezo. Wengi huingia, huzunguka kwa dakika kumi na kutoka. Usiharakishe. Shuka hadi penye ngazi pana za kale zilizokuwa zikielekea chumba cha maiti. Wachimbaji wa Denmark wakiongozwa na Kristian Jeppesen, waliofanya kazi hapa kuanzia mwaka 1966, walikuta mbele ya mlango ule mabaki ya karamu ya mazishi: ng'ombe, kondoo, wana-kondoo, kuku, njiwa, hata mayai. Na lile jiwe zito lililoziba mlango bado lipo. Hapo ndipo unapoona kwamba lilikuwa kaburi la mtu, na watu walikuja kumzika.

7. Sasa mawe yote yalikwenda wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ukilijua jibu lake unautazama mji wote kwa macho mengine.

Matetemeko ya ardhi ya karne za kati yaliliangusha kaburi. Mwaka 1402 Timur, mtawala wa Asia ya Kati, aliteka ngome ya askari-watawa wa Mtakatifu Yohane huko Izmir, nao wakatafuta mahali pengine pwani. Wakapewa Halicarnassus, na mwanzoni mwa karne ya 15 wakaanza kujenga ngome kwenye ulimi wa mwamba bandarini. Kilima cha mawe yaliyokwisha kuchongwa kilikuwa mlangoni pao, wakayachukua. Marumaru nyingine walizichoma kupata chokaa. Mwaka 1522, walipoimarisha kuta kwa kumwogopa Süleyman, sultani wa Waturuki wa Osmani, walichimba hadi wakafika chumbani penyewe. Simulizi iliyoandikwa baadaye katika karne hiyo inasema waliona jeneza jioni, wakalala, na asubuhi wakakuta limeibwa, vipande vya nguo na dhahabu vimetapakaa chini.

Kwa hiyo ukitaka kuligusa kaburi la Mausolus, nenda ngomeni. Tazama kuta kwa makini utaona matofali makubwa ya jiwe la rangi ya kijani kijani, yamenyooka kuliko mawe ya jirani zake. Hayo yalitoka kwenye kiini cha kaburi. Niliweka kiganja juu ya moja saa nane mchana wa Agosti, lilikuwa na joto la jiko, na ubavuni lilikuwa bado na kona kali kama limekatwa juzi.

Michoro iliyopachikwa kwenye kuta hizo iliondolewa mwaka 1846, pale balozi wa Uingereza Stratford Canning alipopata ruhusa ya Sultani. Miaka kumi baadaye Charles Newton alichimba penye kaburi na kusafirisha sanamu kubwa, simba, na sehemu ya farasi wa kileleni. Vyote viko British Museum, London. Waturuki wengi wangependa virudi, nami naungana nao. Mji uliopoteza ajabu yake kwa tetemeko haustahili kuipoteza tena kwa meli.

8. Ngome iliangukaje mikononi mwa Waturuki?

Bila mapigano. Süleyman aliteka kisiwa cha Rhodes, makao makuu ya askari-watawa, mwishoni mwa mwaka 1522, na askari-watawa wakaondoka pia Bodrum mwanzoni mwa 1523. Kanisa dogo la ngomeni likawa msikiti na kuongezewa mnara. Mwaka 1895 ngome ikageuzwa gereza. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Ufaransa iliipiga mizinga na mnara ukaanguka. Unaouona leo ulijengwa upya miaka ya 1990. Minara mikubwa ya ngome ina majina ya mataifa ya walioijenga: wa Wafaransa, wa Waitalia, wa Waingereza, wa Wajerumani. Tafuta nembo za familia zao zilizochongwa kutani, ziko kwa mamia.

9. Turgutreis imepewa jina la nani?

La Turgut Reis, baharia aliyezaliwa upande huo wa rasi karibu mwaka 1485, ambaye Wazungu walimwita Dragut na kumwogopa. Alikuwa haramia kwao na jemadari wa majini kwa Waosmani. Aliuawa mwaka 1565 katika mazingiwa ya Malta, akazikwa Tripoli, Libya.

10. Kijiji cha wavuvi kiligeukaje kuwa mji wa watalii?

Karne iliyopita ilipoanza, Bodrum ilikuwa mahali pa kupelekwa mtu kama adhabu. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki zilikubaliana kubadilishana watu: Wagiriki wa pwani hii wakaondoka, Waislamu wa Krete na visiwa vingine wakaletwa. Wengi wa hao Wakrete walifika wakizungumza Kigiriki. Walileta upishi wa mboga za porini na mafuta ya zeituni unaoukuta leo kila mgahawa.

Mwaka 1925 aliletwa mfungwa, mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı, aliyehukumiwa kifungo cha uhamishoni cha miaka mitatu kwa makala kuhusu askari watoro. Aliupenda mji kiasi kwamba muda wake ulipoisha alirudi kwa hiari na kuishi hapo hadi mwaka 1947. Alijiita Halikarnas Balıkçısı, yaani Mvuvi wa Halicarnassus. Aliandika juu ya wavuvi na wazamiaji, na alipanda: miti na maua mengi yanayofunika kuta za Bodrum yana asili ya mbegu alizoagiza na kugawa. Marafiki zake wasomi wa Istanbul walikuja, akawachukua baharini kwenye mashua ya sifongo yenye vyakula vichache, wakalala juu ya sitaha. Safari hizo wakaziita Mavi Yolculuk, Safari ya Buluu. Zilikuwa chanzo cha biashara yote ya boti unayoiona leo (swali la 14). Alifariki mwaka 1973, amezikwa Bodrum.

## Bahari na makumbusho

11. Makumbusho ya ngomeni yanahusu nini?

Ni Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji, miongoni mwa makubwa zaidi ya aina yake duniani, na yamo ndani ya ngome hiyohiyo. Kuna ukumbi wa mitungi ya udongo ya kubebea mvinyo na mafuta, meli ya karne ya 11 iliyozama Serçe Limanı ikiwa na shehena ya vioo vilivyovunjika vya kuyeyushwa upya, kaburi la mwanamke wa ukoo wa watawala wa Karia na mapambo yake ya dhahabu, na meli ya Uluburun (swali la 12).

Tenga saa tatu. Kuna ngazi nyingi na kivuli kidogo, basi ingia asubuhi mlango unapofunguliwa.

12. Nimesikia kuna mpingo ndani ya meli ya kale. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kumsukuma kila Mswahili aingie makumbusho yale.

Mwaka 1982 mzamia sifongo kijana, Mehmet Çakır, alimweleza nahodha wake kwamba ameona chini ya maji biskuti za chuma zenye masikio. Ilikuwa mbali na Bodrum, karibu na mji wa Kaş, kwenye rasi ya Uluburun. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuwazungukia wazamiaji wakiwaonesha michoro ya mikuo ya shaba ya kale, hivyo habari ikafika panapotakiwa. Biskuti zile zilikuwa mikuo ya shaba, kila mmoja na pembe nne za kushikia.

Kuanzia mwaka 1984 hadi 1994 timu ya wanaakiolojia George Bass na Cemal Pulak ilizamia zaidi ya mara 22,000, kwenye kina cha mita 44 hadi 61. Kwa kina hicho mzamiaji hupata dakika chache tu za kazi kabla ya kupanda polepole. Meli ilizama mwishoni mwa karne ya 14 KK. Ilibeba tani 10 za shaba na tani moja ya bati, kiasi kinachotosha kuyeyushia shaba nyeusi ya silaha za jeshi. Ilikuwa na mikuo ya kioo cha buluu, mitungi ya utomvu wa kunukia, maganda ya mayai ya mbuni, pembe ya ndovu, meno ya kiboko, na kito kidogo cha dhahabu chenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri.

Na katikati ya shehena hiyo, magogo ya mbao nyeusi. Wataalamu wa miti waliyapima na kukuta ni Dalbergia melanoxylon. Huo ni mpingo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde na unaotengenezewa zumari za Ulaya. Wamisri wa kale waliuita hbny, na kutoka neno hilo lugha za Ulaya zilipata majina yao ya mbao nyeusi.

Tahadhari moja: mpingo huota katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka Senegal hadi Eritrea na kushuka hadi kusini. Magogo yale hayathibitishi kwamba jahazi lilitoka Kilwa. Wamisri walikuwa wakiupata kutoka nchi za kusini kwao. Lakini zaidi ya miaka 3,300 iliyopita mtu wa Afrika aliukata mti huu, akaujua thamani yake, na ukasafiri hadi chini ya bahari ya Waturuki. Hilo linatosha kumsimamisha mtu pale ukumbini.

13. Mbona kila duka linauza sifongo?

Kwa sababu sifongo ndiyo iliyolisha mji huu kabla ya watalii. Wanaume walizama mwanzo kwa pumzi zao, baadaye kwa vazi zito la kofia ya shaba lenye bomba la hewa. Aliyepanda haraka alipatwa na ugonjwa wa presha ya maji. Wenyeji huuita vurgun, na uliwaacha vijana wengi wamepooza au wamekufa. Mwaka 1986 maradhi yaliwaangamiza sifongo wa Mediterania, na kazi hiyo haikurudi kama zamani. Wazamiaji hawa ndio waliowaonesha wanaakiolojia karibu kila meli ya kale. Makumbusho yale yamejengwa juu ya macho yao.

Kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji imetoka bahari gani. Si zote ni za hapa.

14. Guleti ni chombo gani? Ni kama jahazi?

Gulet ni boti pana ya mbao yenye milingoti miwili, tezi la duara na vyumba vya kulala chini. Zamani zilisafirisha mizigo na sifongo, leo zinabeba wageni. Zaidi ya hiyo, Bodrum ina chombo chake cha asili kinachoitwa tirhandil, chenye ncha mbele na nyuma. Mtu wa Pemba akiiona atafikiria mashua ya kwao. Mafundi bado wanajenga boti eneo la İçmeler, nje kidogo ya mji. Pita uone mbavu za mbao zikiwa wazi kabla hazijafunikwa.

Kwa mgeni kuna njia mbili. Ya kwanza ni boti ya siku moja: inaondoka bandarini saa nne au tano asubuhi, inapita vighuba vitatu au vinne na mara nyingi kisiwa cha Karaada chenye chemchemi ya maji moto, chakula cha mchana kikiwa ndani ya nauli. Ya pili ni kukodi gulet kwa wiki nzima kuelekea ghuba ya Gökova, ambayo watu kumi au kumi na wawili wakichangiana haiumizi sana.

## Kutembelea

15. Nina siku moja tu. Nifanye nini?

Ngome asubuhi, kaburi la Mausolus kabla ya jua kuchoma, chakula, usingizi mfupi. Alasiri panda kwenye ukumbi wa maonyesho wa kale uliochongwa mlimani juu ya barabara kuu, ambao ni wa karne ya 4 KK. Keti ngazi za juu uitazame ngome na bahari. Kama miguu bado ina nguvu, magharibi ya mji kuna lango la Myndos, mojawapo ya yale ambayo Alexander Mkuu alijaribu kuyavunja mwaka 334 KK akashindwa, kabla ya kuingia mji kwa upande mwingine ukiwa umekwisha kuchomwa moto na walinzi wake.

16. Fukwe zipi ni nzuri?

Inategemea unatafuta nini. Bitez na Ortakent zinafaa familia, maji hayana kina mapema. Gümbet ni ya vijana na muziki hadi alfajiri. Türkbükü na Yalıkavak ni za wenye fedha. Fukwe nyingi si za mchanga bali majukwaa ya mbao juu ya maji, na vilabu hutoza kwa kiti na mwavuli, basi uliza bei kabla hujakaa.

Mimi huwapeleka wageni wangu Gümüşlük. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Myndos, na kwa sababu eneo linalindwa hawakuruhusiwa kujenga maghorofa. Mbele ya kijiji kuna Tavşan Adası, Kisiwa cha Sungura, na kati yake na pwani umezama ukuta wa kale. Unavuka kwa miguu juu yake, maji yakikufika magotini, samaki wadogo wakipita kati ya vidole. Wakati mwingine kupanda kisiwani hukatazwa kwa ajili ya uchimbaji. Ukiona kamba, rudi.

17. Niende mwezi gani?

Mwishoni mwa Mei, Juni, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Bahari ya Septemba ina joto kuliko ya Juni. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara nyingi na barabara za rasi hujaa. Baridi huleta mvua na mji wa utulivu, migahawa mingi imefungwa, lakini ndio msimu wa machenza ya Bitez, na harufu yake inafika barabarani.

18. Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Kwa kupitia Istanbul, ambako kuna ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali. Kutoka Istanbul ndege ya ndani hadi uwanja wa Milas-Bodrum ni kama saa moja na robo. Angalia tiketi yako vizuri: Istanbul ina viwanja viwili vya ndege, kila kimoja upande wake wa mlango wa bahari, na kuhama kimoja hadi kingine hula saa mbili au zaidi. Uwanja wa Milas-Bodrum uko takribani kilomita 35 kutoka mjini. Kuna basi la abiria na teksi. Basi la usiku kutoka Istanbul huchukua muda wa saa kumi na mbili hivi.

Masharti ya viza hutegemea pasipoti yako na hubadilika, basi thibitisha kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki au ubalozi wake kabla ya kununua tiketi.

19. Nazungukaje ndani ya rasi?

Kwa dolmuş, ndugu yake daladala na matatu. Neno hilo maana yake ni "imejaa". Zinaondoka kituo cha mabasi katikati ya mji, jina la mwisho wa safari limeandikwa kiooni mbele. Msimu wa watalii zinatembea hadi usiku sana.

20. Nile nini?

Pweza, kwanza. Wanampika kwa mafuta ya zeituni au kumchoma mkaani, na mtu wa pwani atafurahi kulinganisha. Kisha maua ya maboga madogo yaliyojazwa wali na mboga, yanayochumwa asubuhi yakiwa bado laini, na çökertme, vipande vyembamba vya nyama juu ya viazi vilivyokatwa kama njiti, na mtindi wa kitunguu saumu. Samaki wa mgahawani huuzwa kwa uzito: mchague, apimwe mbele yako, utajiwe bei, ndipo apikwe.

21. Mimi ni Mwislamu. Je, nitapata shida?

Hapana. Adhana utaisikia kila mahali, na msikiti wa Kızılhisarlı Mustafa Paşa wa mwaka 1723 uko karibu na bandari na ngome. Nyama kwa kawaida ni halali. Pombe hata hivyo inauzwa wazi kuliko sehemu nyingi za Uturuki, na fukweni utaona mavazi ya kila namna, kuanzia bikini hadi vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima. Hakuna anayemshangaa mwenzake. Anayetaka utulivu aepuke Gümbet (swali la 16).

## Maswali ya pembeni

22. Kwa nini nyumba zote ni nyeupe na fupi?

Chokaa ilirudisha nyuma joto la jua, na baadaye kanuni za ujenzi zikaidumisha rangi hiyo na kuzuia majengo marefu. Mabanda meupe yenye kuba utakayoyaona barabarani ni kitu kingine: ni mabirika ya kale ya maji ya mvua, huitwa gümbet, na mji wa Gümbet umepata jina humo. Maji yamekuwa tatizo la rasi hii tangu zamani, na kiangazi hukatika hata leo. Tumia kwa kiasi.

23. Naweza kuvuka hadi Kos kwa siku moja?

Kivuko kipo, chini ya saa moja. Lakini Kos ni Ugiriki, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Kingine kinachosahaulika: ukitoka, viza yako ya Uturuki iwe inaruhusu kuingia tena, usije ukakwama ng'ambo.

24. Ni pwani hii ambapo yule mtoto wa Kisiria aliokotwa?

Ndiyo, Septemba 2015: Alan Kurdi, mtoto wa miaka miwili, alikutwa amekufa ufukweni baada ya boti ya wakimbizi waliokuwa wakielekea Kos kuzama. Sehemu nyembamba ya mlango wa bahari haifiki hata kilomita 10, na wengi wamekufa ndani yake. Wenyeji hawapendi mahali hapo pafanywe kivutio. Usiwaulize njia ya kwenda kupiga picha.

25. Vipi kuhusu matetemeko?

Eneo lina historia nayo (swali la 7). Julai 2017 tetemeko la 6.6 liliua watu wawili Kos, na maji yalipanda katika vighuba vya Bodrum na kusukuma magari na boti. Likitokea ukiwa ufukweni, panda juu mara moja.

26. Nikiokota kigae cha mtungi baharini, naweza kurudi nacho nyumbani?

Hapana, hata kiwe kidogo kama kidole. Sheria ya Uturuki inafanya kila kitu cha kale mali ya taifa, ukaguzi wa uwanja wa ndege ni mkali, na watalii wamewahi kukamatwa kwa mawe waliyodhani ni ya kawaida. Kuzamia kwenye mabaki ya kale bila kibali nako ni kosa. Ukikiona, kiache palepale, mwambie nahodha, naye atawaarifu makumbusho. Mehmet Çakır alifanya hivyohivyo.